Mwenyekiti na Swali la Dawati

Mwenyekiti wa mtaa wetu, kule Ilomba, hakuwahi kusema mbele yangu kwamba anamshuku mtu. Alisema, "Mimi sikatai, nauliza tu," kisha akauliza mpaka mtu mwenyewe akaanza kujishuku. Nimemfahamu kwa miaka kumi na tisa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo yeye ndiye aliyeshika muhuri wa mtaa. Jina lake silitaji. Hata mkewe alimwita Mwenyekiti, na najua kwamba kama angeona jina lake limeandikwa mahali, angetaka kwanza kujua limeandikwa kwa ruhusa ya nani.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na mashine ya kusaga. Aliyekuja na shida alilazimika kuieleza kwa sauti ya juu, na kila mara ilitokea mashine ikazimwa ghafla, nusu ya sentensi ikabaki inaelea mbele ya foleni nzima: "...na mume wangu hajui." Watu walicheka, mwenye shida akainamisha kichwa, naye Mwenyekiti akaendelea kuandika kana kwamba hakusikia. Kwa muda mrefu niliamini kwamba alikichagua chumba kile kwa makusudi. Sina ushahidi. Nataja imani hiyo kwa sababu ni mojawapo ya mambo mengi niliyoyaamini juu yake bila ushahidi.

Muhuri aliuhifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, umeviringishwa kwa kipande cha kanga. Kidau cha wino kilipokauka alikilainisha kwa matone ya chai ya rangi, na ndiyo maana barua za mtaa wetu zilitambulika mjini kwa duara lenye rangi ya zambarau iliyopauka. Ofisa mmoja aliwahi kumshauri anunue wino mpya. Alijibu kwamba wino mpya unafanana na wa kila mtu.

Ilomba haiko mbali sana na mipaka, na kwa hiyo nusu ya kazi yake ilikuwa kuamua nani ni wa kwetu. Lugha hakuiamini. Wanyakyusa wa huku na jamaa zao wa ng'ambo ya Mto Songwe husalimiana bila mkalimani. Sura hakuiamini pia, wala wimbo wa taifa, kwa kuwa alisema mtu anaweza kuukariri katika safari ya siku moja. Aliamini shule. Aliuliza mwalimu wa darasa la tatu alikuwa na tabia gani. Aliuliza kengele ya shule ilikuwa kitu gani, akingojea asikie kwamba ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Aliuliza siku ya usafi watoto walibeba nini.

Namkumbuka kijana mmoja mwenye miwani aliyesema amezaliwa Chunya.

"Siku ya usafi mlibeba nini shuleni?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Madaftari, mzee."

"Madaftari ya kufagilia?"

"Hatukufagia, mzee. Kulikuwa na wafanyakazi."

Mwenyekiti alifunga daftari lake. "Mimi sikatai," alisema. "Lakini Chunya yenye vumbi lile, shule isiyofagiwa na watoto sijaiona."

Kijana alirudi siku ya tatu akiwa na baba yake, mnunuzi wa tumbaku anayefahamika wilaya nzima, ambaye alieleza kwamba mwanawe alisoma shule ya kulipia na kupelekwa kwa basi. Mwenyekiti hakuomba radhi. Aliandika barua palepale, akaigonga muhuri, akamsindikiza kijana hadi barabarani, na kabla ya kuagana akamuuliza kwa shauku ya kweli, "Sasa hao wafanyakazi, mafagio walipewa na nani?"

Nami hakunionea huruma. Nilipohitaji barua ya utambulisho ili nikasome Iringa, alikuwa ameniona tangu nikiwa sina meno ya mbele. Aliniuliza kama nimekuja na mashahidi wawili.

"Mwenyekiti, unanifahamu."

"Mimi nakufahamu, Msomi. Karatasi haikufahamu."

"Basi wewe uwe shahidi mmoja, nitafute wa pili."

"Mwenye muhuri hawi shahidi wa karatasi anayoigonga mwenyewe. Akifanya hivyo, mtaa mzima ni yeye peke yake."

Niliona ni ukaidi wa mtu mdogo aliyepewa kidude kikubwa. Nilikwenda nikaleta majirani wawili, na mmoja wao alikuwa Mama Lusajo. Aliacha kupika akanifuata ofisini, mikono ingali na unga.

Naomba nimweleze Mama Lusajo, kwa kuwa bila yeye picha hii haina maana. Ni jirani yetu, mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwanawe Lusajo nilisoma naye darasa moja tangu la kwanza. Hakuendelea na sekondari. Alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, akawa anapiga simu kila Jumapili kwa miaka miwili, kisha simu zikakoma. Baadaye wachimbaji wawili waliorudi walisema kwamba amevuka Mto Ruvuma na kujiunga na wapiganaji wanaochoma vijiji upande wa pili. Wengine walisema amebadili dini, wengine amefuata ujira, wengine amechukuliwa kwa nguvu. Kila mtu alisema lake, na kila mtu alisema baada ya kuangalia kwanza nani yuko karibu.

Mwenyekiti alikuwa na daftari la wakazi ambalo ndani yake hakufuta jina la mtu. Waliofariki aliwawekea msalaba mdogo. Waliohama aliwaandikia kwa penseli walikohamia. Siku moja, akiwa ametoka kumwonyesha mgeni njia, nililifungua. Mbele ya jina la Lusajo palikuwa na alama ya kuuliza, kwa penseli, imekolezwa kama vile imeandikwa mara kadhaa mahali palepale. Wakati ule niliisoma kama hukumu.

Nilikuwa na sababu. Katika mkutano wa mtaa, wiki ambayo redio ilitangaza shambulio jingine huko ng'ambo, mtu aliuliza serikali iwafanyeje vijana wetu wanaokwenda kule. Mwenyekiti alisimama. "Wavuliwe uraia," alisema. "Mtu aliyekwenda kuchoma nyumba za watu asirudi kujikinga kwenye bendera yetu." Watu wakapiga makofi. Mama Lusajo alikuwa benchi la pili, ameshika mwavuli uliofungwa kwa mikono miwili. Hakupiga makofi, wala hakuondoka. Nilimtazama Mwenyekiti kuona kama anamtazama yeye. Alikuwa anatazama dirisha.

Niliyaandika maneno yale kwa sababu nilikuwa natafuta mada ya tasnifu, na jioni hiyo nikaipata. Kwa ufupi, sheria yetu inaruhusu kumvua uraia aliyeupata kwa tajnisi, yaani mgeni aliyeuomba akapewa, lakini aliyezaliwa nao haimgusi kwa kosa la namna hii. Nilitaka kujua kama tofauti hiyo ina mantiki. Niliandika sura nne. Nilikiri kwamba taifa likimvua uraia mtu wake wa hatari linamtupia jirani mzigo. Nilikiri kwamba linaunda raia wa madaraja mawili. Hata hivyo nilihitimisha kwamba, kwa masharti na kwa hukumu ya mahakama, hatua hiyo inaweza kuhalalika hata kwa wazawa. Msimamizi wangu aliusifu utulivu wa hoja. Wakati wote huo Lusajo hakuwa ndani ya tasnifu. Nilikuwa nimemwacha nje kwa uangalifu, kama mtu anavyoacha viatu vya matope mlangoni.

Hapa ndipo tabia za Mwenyekiti zinapogongana, na hapa ndipo nilipopotea. Mtu yule aliyesema wavuliwe, kila Jumatano alikunywa chai kwa Mama Lusajo. Alikaa barazani, waziwazi, kofia gotini, akatafuna karanga moja moja. Nilipita nikasikia anauliza, "Simu ililia?" Naye mama akajibu, "Haijalia, Mwenyekiti." Basi. Wanazungumzia mvua. Jumatano inayofuata, swali lilelile.

Jambo moja linaweza kusomwa kwa njia mbili, na mimi nimefundishwa kuzipima zote. Nilizipima. Nikaona kwamba mtu anayeuliza kila wiki kama simu imelia anaweza kuwa anafariji, na anaweza kuwa anakusanya taarifa. Nikachagua ya pili, kwa kuwa ilionekana ya kisomi zaidi.

Mwaka jana maofisa wawili wa serikali walinitafuta chuoni Iringa. Walikuwa na adabu. Mmoja, mwanamke wa makamo, alinipa pole na masomo. Mwenzake alitoa picha ya mtu mwenye ndevu zisizopangwa na kovu juu ya jicho. Yule mwanamke alieleza kwamba mtu huyu anashikiliwa ng'ambo ya Ruvuma na anadai ni Mtanzania wa Ilomba. Hana kitambulisho. Hakuandikishwa alipozaliwa. Rejesta za shule zililiwa na mchwa. Maelezo ya mama yake peke yake hayatoshi. Akithibitika ni wetu, ataombwa aletwe ashtakiwe hapa. Asipothibitika, atabaki kule, mtu asiye na kwao.

"Unamfahamu?" aliniuliza.

Nilimtambua kabla hajamaliza swali. Nilitambua masikio. Lakini nilifikiri kwa kasi, na kwa mpangilio, kama kawaida yangu. Kwa nini mimi? Nani amewapa jina langu? Kuna orodha gani, na mtu akishaingia humo anatokaje? Nilifikiria nafasi ya kazi chuoni niliyokuwa nimeahidiwa.

"Miaka ni mingi," nilisema. "Sina uhakika."

"Huna uhakika, au humfahamu?"

"Sina uhakika."

Waliandika. Nilisaini. Mimi hutumia mkono wa kushoto, na nilipokuwa nasaini niliona yule mwanamke ameacha kuitazama karatasi, anautazama mkono wangu. Alichukua karatasi, akanitakia masomo mema.

Nimetumia miezi mingi nikiitetea sentensi ile. Kusema huna uhakika si kusema humfahamu. Nani ana uhakika wa uso baada ya miaka kumi na miwili? Lakini ofisini, katika jalada, maneno hayo mawili hukaa upande mmoja. Nilikuwa nimeandika sura nne juu ya mamlaka ya dola ya kumwondoa mtu katika taifa, na mimi nikamwondoa mmoja kwa sentensi moja, bila mahakama na bila masharti.

Ilikuwa rahisi kumtafuta wa kulaumiwa. Nani mwingine angewapa jina langu kama si Mwenyekiti? Nilipanga hoja zangu: lile daftari, zile Jumatano, yale maneno ya mkutanoni. Kisha nikasikia kwamba amejiuzulu ghafla, kabla ya muda wake, akamkabidhi mwingine kopo na muhuri wake, akahamia shambani kwake Igowole. Nikajiambia kwamba mtu hakimbii bila sababu.

Mama Lusajo alinipigia mwezi uliopita.

"Atu, mwanangu, hujambo na baridi la huko?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wamesema shahidi wa pili hakupatikana. Wanasema alikuwepo, akasema hana uhakika. Sasa mtu wa namna gani asiye na uhakika na Lusajo, na masikio yale?" Alicheka kidogo. "Wewe uliyesoma sheria, unaweza kuniulizia?"

Nilisema nitauliza. Siku ya Jumamosi nikaenda Igowole, si kuuliza, bali kumshtaki Mwenyekiti uso kwa uso, kwa sababu nisingeweza kuendelea kuishi na lawama yote mwenyewe.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya nyumba, anachambua mbegu za viazi. Nyuma yake shamba lilishuka hadi mpaka wa misindano, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Mkewe alinipokea kwa salamu ya huko, "Kamwene," akaniletea ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kikombe cha plastiki. Mwenyekiti hakuwa anakunywa. Alisema ulanzi humfanya mtu ajibu maswali ambayo hajaulizwa.

"Msomi," alisema. "Umekonda. Karibu ukae."

Nilikaa, yeye kushotoni kwangu, na gunia mbele yetu.

"Mwenyekiti, ni wewe uliyewapeleka wale watu kwangu?"

"Ni mimi niliyewaambia unasoma Iringa." Aliokota kiazi, akakigeuza. "Jina lako sikuwapa. Jina walikuja nalo."

"Kutoka wapi?"

"Walikuja kwangu na picha. Nikawaambia, ni Lusajo wa hapa, nipo tayari kuapa. Wakaniambia mzee, wewe una muhuri, na umri nao umekwenda, tunataka wawili wasio ndugu. Nikazunguka mtaani nyumba kwa nyumba. Wewe unawajua watu wetu. Huyu anaumwa macho, yule alihamia juzi, mwingine ana mtoto anaomba ajira serikalini. Basi nikawaambia maofisa: muulizeni yeye mwenyewe swali moja. Darasa la tatu alikaa dawati moja na nani."

Aliweka kiazi chini.

"Swali likavuka mto, jibu likarudi. Kasema Atupele. Kasema, anaandika kwa mkono wa kushoto, viwiko vyetu vilikuwa vinagongana, nikachora mstari katikati ya dawati kwa bikari."

Ule mstari ulikuwepo. Ulikuwa umepinda upande wangu, na nililalamika kwa mwalimu kwamba Lusajo ameniibia nafasi. Nikamwona tena akilini yule ofisa mwanamke akiutazama mkono wangu. Alikuwa na jibu lote mkononi wakati mimi nasaini.

"Kwa hiyo wanajua kwamba nilidanganya," nilisema.

"Mimi sijui wanajua nini. Karatasi inasema huna uhakika."

"Na wewe mbona ulisema wavuliwe? Nilikuwepo. Mama yake alikuwepo."

"Nilisema, na nasema hata leo. Kama kachoma nyumba za watu, afungwe mpaka azeeke. Serikali ikitaka kumvua, imvue mchana, imtaje jina lake na la mtaa wake, sisi wote tusikie. Lakini huwezi kumvua mtu nguo unayosema hakuwahi kuvaa." Alifuta mikono kwenye suruali. "Hiyo ya kusema hatumjui, hata mimi ningeiweza. Ilikuwa rahisi sana. Ndiyo maana niliiogopa."

"Ukajiuzulu."

"Mwenye muhuri hawi shahidi. Nilikuambia zamani, ukanuna." Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Na shahidi hakuna. Sasa ningefanyaje? Nikaacha muhuri, nikawa mtu wa kawaida, nikasaini. Umri wangu wakauvumilia. Lakini bila shahidi wa pili hawakubali."

Aliingia ndani, akatoka na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa nakala ya tamko. Mstari wa shahidi wa kwanza ulikuwa na jina lake kamili, jina ambalo nililisoma kwa mara ya kwanza siku ile na ambalo bado silitaji. Mstari wa pili ulikuwa mtupu.

"Jalada halijafungwa," alisema. "Mwenyekiti mpya amesema mashahidi wakiwa wawili, atagonga. Na ile karatasi yako ya kwanza itakuuliza maswali, usije ukasema sikukuambia. Wanaweza kukusumbua. Kazi yako ya chuo nayo siijui."

Nilisema kwamba sijui Lusajo alifanya nini kule. Inawezekana alifanya mambo ambayo nikiyasikia nitajuta.

"Nani kakuuliza alifanya nini kule?"

"Na tasnifu yangu inasema wanaweza kuvuliwa. Kwa masharti."

"Sawa. Mvue basi, kwa masharti yako yote. Mimi sikatai." Alinigeukia, akaweka mikono magotini, na sauti yake ikawa ile ya ofisini, ya kupambana na mashine ya kusaga, ingawa pale Igowole palikuwa kimya kabisa. "Wewe binti, unasema umezaliwa Ilomba. Mashahidi wako siwaoni. Darasa la tatu ulikaa dawati moja na nani?"

Nilitafuta jibu jingine. Nakiri hilo. Nilipitia darasa zima, safu kwa safu, kutoka dirishani mpaka mlangoni, nikimtafuta mtu mwingine yeyote ambaye ningeweza kuthibitishwa naye.

"Lusajo," nilisema.

Alinipa kalamu. Hapakuwa na meza, hivyo aliweka ubao wa kuchambulia mbegu juu ya mapaja yetu sote wawili, akaushika upande wake. Niliandika kwamba mtu aliye katika picha ninamfahamu, kwamba nilikaa naye dawati moja, yeye kushoto na mimi kulia, na kwamba nilipoulizwa mara ya kwanza nilisema sina uhakika ilhali nilikuwa nao. Sentensi hiyo ya mwisho hakuniambia niiandike. Nilipokuwa nasaini, kiwiko changu kilimgonga mkononi, mara mbili.

Alisogea kidogo kwenye benchi, akanipa nafasi.

"Kumbe kijana alisema kweli," alisema.